Upindo wa Vidole Vinne

Mama,

Sauti ya wembe wako bado ninayo. Trrr, kimya kidogo, halafu trrr tena. Kila Januari, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, uliketi kwenye kizingiti cha chumba chetu cha mtaa wa Kianda kwa sababu hapo ndipo mwanga ulipoingia vizuri. Ukaigeuza sare yangu ndani nje, ukafumua upindo wa mwaka uliopita. Wembe wenyewe ulikuwa nusu, umeuvunja katikati na kuufunga kitambaa chekundu upande mmoja usikukate. Mimi nilisimama mbele yako na shimizi, nikisubiri. Uzi uliotoka uliuviringa kidoleni, ukausokomeza ndani ya kimto cha pini. Ukashusha kitambaa kidole kimoja, ukashona tena kwa mkono, ukanivalisha, ukarudi nyuma hatua moja na kuyatazama magoti yangu kama mtu anayesoma saa.

"Haya. Umekua. Nenda."

Vidole vinne ndiyo ilikuwa sheria yako. Mteja akikuletea kitambaa cha sare ya mtoto, hata akikusihi ufanye kidogo ili nguo isiwe nzito, ulikunja vidole vinne vya upindo, kimoja kwa kila mwaka. "Mtoto si nguzo," ulikuwa ukisema, na pini zimejaa mdomoni.

Kila ukifumua, mstari ulibaki. Kitambaa kilichojificha ndani kilikuwa bado buluu kamili, na cha juu kilikuwa kimefuliwa hadi kikachoka. Nilipofika darasa la nne sare yangu ilikuwa na mistari mitatu, mmoja juu ya mwingine. Wasichana wakanipa jina. "Daftari! Daftari, leo tunaandika nini?" Nilirudi nyumbani nikilia, nikataka mpya, nikasema sitaenda shule tena. Ulicheka mpaka ukashika meza ya cherehani. "Waambie wakitaka kuandika waje na kalamu." Niliwaambia kweli. Haikusaidia kitu. Leo ningetoa chochote kuivaa tena ile nguo, ukiwa umekaa pale kizingitini ukinitazama magoti.

Ninakuandikia kutoka Kawangware, chumbani kwangu, asubuhi, na cherehani yako ndiyo meza yangu. Mwanangu Mwikali ametoka kwenda shule sasa hivi. Shule ninayofundisha itafunguliwa kesho, kwa hiyo leo nina siku nzima ya kukaa nawe.

Mengi yamebadilika tangu Agosti. Chumba cha Kianda kina mpangaji mwingine, mama mmoja anayekaanga maandazi mlangoni. Nilipita hapo mara moja, sikumwambia mimi ni nani, nikanunua mawili. Kizingiti ni kilekile, kimeliwa katikati pale ulipokuwa ukikaa. Kibanda chako cha soko la Toi amekichukua Mama Akinyi, jirani yako wa miaka yote, yule mwenye mashine ya matundu ya vifungo. Ametoa ubao uliokuwa katikati yenu, vibanda viwili vikawa kimoja. Lakini msumari uliotundikia mkasi hajautoa na hatundiki kitu hapo. Mteja mmoja alijaribu kutundika mkoba wake nikiwepo. Mama Akinyi akamwambia, "Hapo pana mtu."

Sikuketi hapa ili nikupe habari za misumari, lakini. Nataka kukueleza habari za wajina wako.

Unakumbuka alivyopata jina. Baba yake hakuleta hata mbuzi mmoja wa mahari Kitui, kwa hiyo hakukuwa na mama mkwe wa kupewa heshima ya jina la mtoto wa kwanza. Mashangazi walisikitika. Wewe ulisema, kwa furaha ambayo hukuificha vizuri, "Basi amekosa yeye, nimepata mimi." Tangu siku hiyo hukumwita Mwikali hata mara moja. Ulimwita wajina, naye akakuita Susu, nyanya yake. "Wajina, niletee mkasi." "Wajina, tumechoka, tukunywe chai." Mkawa watu wawili wenye jina moja, na mimi katikati, bila wa kunisikiliza.

Kulikuwa na Jumapili moja. Ulikuwa umetutembelea, ukamwogesha kwenye beseni, ukamfunika taulo na kumkumbatia. Sikio lako likabaki kifuani kwake.

"Mutheu, hebu njoo usikie. Wajina ana cherehani humu ndani. Inavuta kitambaa."

Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nilikujibu bila kuinua kichwa, kwa sauti ninayotumia darasani, kwamba hiyo ni damu inatembea tu, kila mtu anayo. Ulisema, "Sawa, mwalimu." Hukulitaja tena. Ulikuwa umenisomesha kwa ile miguu yako miwili juu ya kanyagio, na elimu yenyewe ndiyo niliyoitumia kukunyamazisha.

Kisha ukaondoka wewe, na sikuwa na nafasi ya kufikiria moyo wa mtu mwingine yeyote. Wako ulikuwa umetosha. Daktari alituambia ulikuwa umechoka na kupanuka, kwamba presha iliutumikisha kwa miaka mingi. Nikakumbuka tulivyokuwa tukitembea kutoka Kianda kwenda Toi na mzigo wa sare, na tukifika kwenye ukuta wa mtaa wa Ayany uliinama kufunga kamba za kiatu. Nilikusubiri kila siku pale nikitazama malango ya watu. Viatu vyako, Mama, havikuwa na kamba. Nimelijua hilo baada ya kukuzika. Mtu mzima, mwenye shahada, nimesimama hapo miaka yote nisione kwamba ulikuwa unatafuta pumzi.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi Mwikali alishikwa na kikohozi. Nikampeleka kliniki iliyo karibu na sisi, daktari akiwa msichana wa rika langu mwenye rasta fupi. Alimsikiliza kifuani, mgongoni, chini ya kwapa. Akamlaza, akasikiliza tena. Akamkalisha, akasikiliza tena. Nilijua kwamba sasa hasikilizi kikohozi.

"Mama Mwikali, kuna mtu amewahi kukwambia mtoto ana sauti kwa moyo?"

Nilifungua mdomo kusema hapana. Ikatoka, "Ndiyo. Susu yake."

"Susu yake ni nesi?"

"Alikuwa fundi wa nguo."

Hakucheka. Alivua vile vifaa masikioni mwake, akanivalisha mimi, akakishikilia kile kisahani pale kifuani. Nikasikia pigo, na baada ya kila pigo, kitambaa kinavutwa juu ya mbao. Shwaa. Shwaa. Ulikuwa umeisema vilevile ilivyo. Mwikali alikuwa akinitazama, anangoja nimwambie ni wimbo gani.

Daktari alinieleza polepole. Alisema sauti peke yake haithibitishi ugonjwa, kwamba watoto wengi wanayo na mioyo yao ni mizima, na wengine wana kasoro inayohitaji kuangaliwa. Aliandika barua twende hospitali kubwa kupigwa eko, picha ya moyo unavyofanya kazi. Siku ya karibu iliyopatikana ilikuwa baada ya wiki sita. Mimi nilisikia ile nusu ya kasoro tu.

Sijui kama naweza kukueleza zile wiki sita bila kuona aibu. Nilihesabu pumzi zake akilala mchana. Nilihesabu akila, akichora, akiwa chooni na mlango umefungwa. Nilimkataza kuruka blada, ile kamba ya mpira. Nilimkataza mchezo wa kati, ambao anaupenda kuliko chakula, ule wa wawili kurushiana mpira na mmoja katikati anaukwepa. Tunakaa ghorofa ya tatu. Nilianza kumpandisha ngazi mgongoni kwa leso yako, msichana wa miaka sita na miguu yake inaning'inia hadi magotini pangu. Kisha nikambeba mpaka shuleni.

Watu wa bodaboda pale stendi hawana huruma, unawajua.

"Madam, huyo ni mtoto ama ni bibi harusi?"

"Wee, mshushe! Ama tuwabebe nyinyi wawili?"

Mwikali aliuzika uso wake mgongoni mwangu. Nilihisi joto la aibu yake likipita kwenye blauzi. Nikaendelea kutembea.

Watoto wa majirani pale ploti waliacha kumwita kucheza. Mwanzoni walimpa kazi ya kuhesabu pointi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitaja namba. Baadaye wakajihesabia wenyewe. Siku moja nilimwona amechutama katikati ya uwanja, kichwa chini, na nilipiga kelele iliyowatoa watu milangoni. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mtoto mwenye shida ya moyo huchutama ili apumue. Nilipofika aliniangalia kwa hasira. Alikuwa akitazama siafu waliokuwa wamebeba punje ya wali.

"Sasa umewatisha," alisema.

Nilikuwa nakutafuta wewe ndani yake, Mama. Kila alipoinama niliona ukuta wa Ayany.

Ndipo Aunty Ndunge, mdogo wako, akapiga simu kutoka Kitui. Alikuwa amesikia. Aliniuliza habari za mtoto, akasema lililokuwa moyoni. "Jina lilikuja na moyo wake. Mpe lingine mapema." Nilimjibu kwa maneno makubwa. Nilimwambia jina ni sauti tu, kwamba mimi hufundisha wasichana wasiogope vitu kama hivyo. Nilikata simu nimeshinda. Na wiki hiyohiyo nikaanza kumwita mtoto Faith, jina lake la ubatizo, kana kwamba lilikuja lenyewe. Faith, njoo ule. Faith, umevaa soksi?

Siku ya nne hakuitika. Alikuwa akifua leso zake za mkononi kwenye karai, nikamwita mara tatu. Akajibu bila kugeuka, "Huyo Faith ameenda wapi? Mimi ni Mwikali. Susu alisema tuko wawili."

Niliacha. Lakini nilikuwa nimejua kitu juu yangu ambacho sikukipenda, na bado kilikuwepo kingine kibaya zaidi.

Shule zilipofungwa Desemba niliitoa ile sare uliyomshonea mwaka jana, alipokuwa akiingia chekechea ya pili. Gredi ya Kwanza huvaa sare ileile, na yake ilikuwa imepanda juu ya magoti. Niliigeuza ndani nje. Nikaona upindo wako, vidole vinne kamili, na mishono yako ya mkono midogo kama wimbi, na mwishoni mafundo mawili, kwa sababu hukuwahi kuamini fundo moja. Nilikuwa na wembe mkononi. Nikashindwa. Nilijiambia hii ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wako iliyo ndani ya nyumba hii na siwezi kuwa mimi ninayeifumua. Nikaitundika tena nyuma ya mlango.

Badala yake nilinunua kitambaa kilekile Toi, nikakaa kwenye cherehani yako. Nguo yangu ya kwanza bila wewe nyuma ya bega langu ukisema "vuta polepole." Nilikata, nikaunga, nikafumua kola mara mbili mpaka ikalala. Mwikali aliomba akanyage kanyagio kidogo, nikamkatalia. Nilipomaliza nilijivunia. Nikaifunga kwenye gazeti, nikaipeleka kwa Mama Akinyi aitoboe matundu ya vifungo.

Aliipokea kwa vigelegele. Ulimjua, hawezi kufurahi kimyakimya. "Aah, mwalimu! Kumbe mikono unayo! Tazama kola, imelala kama yake!" Akawaita majirani. Akageuza mikono ya nguo, akakagua mishono ya kando, akaitikia kwa kichwa. Halafu akafika chini. Akaweka kidole chake kwenye upindo. Akakitoa, akakiweka tena, kama mtu asiyeamini mizani.

"Hii ni nini, Mutheu?"

"Upindo."

"Ni kidole kimoja."

Nilisema kitambaa hakikutosha. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilisema.

Akaiweka ile nguo mapajani. Sauti yake, ambayo huwa inasikika mpaka kwa wauza viatu, ilishuka. "Mara ya mwisho nilikunja kidole kimoja, unajua nilikuwa namshonea nani."

Nilijua. Ndiye aliyekushonea gauni uliloenda nalo Kitui kuzikwa. Niliketi karibu naye siku ile nikimpasia pini, nikamwona akikunja upindo mwembamba bila kupima, kwa sababu hakuna atakayeushusha.

"Kwani mtoto haendi kukua?" aliniuliza. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anangoja jibu.

Alikataa kutoboa. Aliikunja ile nguo, akaiweka chini ya meza, akasema, "Hii sitoboi. Nitamvalisha mdoli, yeye hakui." Kisha akanivuta nyuma ya mapazia yaliyotundikwa, akanikalisha juu ya magunia, akaninunulia chai, na nikalia pale huku watu upande wa pili wakibishania bei ya sweta. Hakuniambia nyamaza. Mara moja tu alisema, "Hata mimi huwa naongea na huo msumari."

Nyumbani nilikifungua kile kifuko cha vipande vilivyobaki. Kitambaa kilikuwa kimetosha. Kipande chenyewe kilikuwepo, chembamba, kirefu, upana wa vidole vitatu, kimekatwa kwa unyoofu. Nilikuwa nimekikata mimi na sikukumbuka kukikata. Niliketi nacho mapajani muda mrefu. Nilikuwa nimesema siwezi kufumua mishono yako kwa sababu ya majonzi, na majonzi yalikuwepo kweli. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshamshonea mtoto wangu nguo isiyo na mwaka kesho.

Wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa zamu yetu hospitalini. Walimpaka mafuta baridi kifuani akacheka, wakamwonyesha moyo wake kwenye kioo, ukifunguka na kufungika kama mdomo wa samaki. Daktari alikuwa mzee mwenye sauti ya chini. Alisema lipo tundu, dogo, kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Amezaliwa nalo.

Nilikuwa nimeandika maswali kwenye karatasi ya mtihani. La kwanza lilikuhusu wewe. Nilimuuliza kama umemrithisha.

Akaniuliza ulivyougua, nikamweleza. Akasema, "Moyo wa mama yako ulichoshwa na presha. Huu ulizaliwa hivi. Hizo ni habari mbili."

Nikamuuliza kwa nini basi kelele ni kubwa kiasi kile. Aliniuliza kama nimewahi kubana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole. Ukibana sana, alisema, maji yanapiga kelele zaidi. Kwa matundu kama haya, dogo ndilo mara nyingi lenye sauti. Atamwona kila mwaka. Huenda likajifunga lenyewe akikua. Yapo yasiyojifunga, na hilo wataliangalia likifika. Nimtunze meno yasioze, kwa sababu wadudu wa meno mabovu wanaweza kuingia kwenye damu wakaufikia moyo. Akichoka kuliko wenzake au akianza kupungua uzito, nisingoje mwaka uishe.

"Na kukimbia?" niliuliza.

"Akimbie."

"Kiasi gani?"

"Kama watoto."

Mwikali alikuwa akifunga vifungo vyake. Akainua uso. "Hata kati?"

Mzee alilazimika kuelezwa kati ni nini, na akaelezwa kikamilifu, pamoja na sheria. "Hata kati," alisema. "Lakini mpira ukikugusa, toka. Usibishane."

"Mimi huwa siguswi."

Ningependa kukuambia nilitoka pale nimekuwa mtu mwingine. Nilitoka nimembeba mgongoni mpaka stendi. Hakuna aliyeniambia amepona. Waliniambia huenda, na waliniambia kila mwaka, na mimi ni mtu ninayependa jibu lenye mstari chini yake. Krismasi yote niliendelea kuhesabu, ingawa kimoyomoyo, asinione midomo. Nilimruhusu kucheza kati, nikasimama dirishani. Alipigwa na mpira mara ya kwanza, akabishana.

Jana alinitangulia. Nilikuwa napiga pasi, nikageuka, nikamwona amevaa ile sare yako, amesimama mbele ya cherehani na magoti yote nje. Aliivua mwenyewe, akaigeuza ndani nje, akanipa.

"Susu alisema Januari inashushwa."

Kwetu hakuna kizingiti cha kukalia, ni korido tu, lakini nilisogeza kiti mlangoni penye mwanga. Kwenye droo ya cherehani niliukuta wembe wako, nusu, bado umefungwa kitambaa chekundu. Mwikali alisimama mbele yangu na shimizi. Nilikata fundo la kwanza, halafu la pili, nikavuta.

Trrr.

Sikulia, Mama. Nilidhani nitalia. Mikono ilikuwa na kazi. Uzi wako ulitoka mzima, mrefu, umejikunja kwa alama za mishono. Niliuviringa kidoleni nikausokomeza ndani ya kimto cha pini pamoja na wa kwangu wa miaka ile. Bila shaka umo bado. Kitambaa cha ndani kilikuwa buluu ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikashusha kidole kimoja, nikashona kwa mkono. Mishono yangu ni mikubwa kuliko yako, utanisamehe, lakini nimefunga mafundo mawili. Kisha nikamwomba anikanyagie kanyagio nimalizie mshono wa kando uliokuwa umeachia. Alikanyaga kwa miguu yote miwili, haraka mno, uzi ukakatika, tukaanza upya.

Mstari umebaki, bila shaka. Watamwita Daftari. Nimeshamfundisha la kujibu.

Sasa nikuache upumzike, Mama. Weka miguu yako juu ya kanyagio bila kukanyaga. Kuta zote za Ayany umeshazipita. Nakuahidi nitampeleka kwa yule mzee kila mwaka, hata mwaka ambao nitakuwa naogopa jibu. Nakuahidi nitamwita kwa jina lenu. Na siku mtu atakaponiita nisikie kitu, nitainua kichwa.

Leo asubuhi leso niliiacha msumarini nyuma ya mlango. Alishuka ngazi zote tatu kwa miguu yake, mimi nikiwa nyuma. Penye lango alinipa mkono kama mtu mkubwa anayeaga kikazi, akamwona rafiki yake mbele, akatimka. Nilianza kuhesabu, mazoea. Nilifika kumi na saba, alipofika kwenye kona ya muuza makaa, begi linarukaruka mgongoni, ule mstari wa buluu unacheza kwenye magoti. Nikaacha kuhesabu, nikarudi juu kukuandikia.

Upindo nimeufumua, Mama. Nimeshusha kimoja. Vitatu vimebaki.

Binti yako,
Mutheu